Mwaka Baba Alipojifunza Kufunika Gilasi

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa mezani nikijifanya nasoma Kemia, simu imelala katikati ya kitabu kama njegere ndani ya samosa, wakati simu ya baba ilipolia sebuleni. Nilijua ni Wafula, mhudumu wa mkahawa wetu wa Jumamosi, kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye baba humsalimu kwa kumuuliza, "Leo kuna nini jikoni?" Akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema, "Lini?" Akasema, "Tutakuja," kisha akaiweka simu juu ya televisheni, mahali ambapo haijawahi kuwekwa, na televisheni za siku hizi zilivyo nyembamba, ikaangukia nyuma. Hakuiokota. Aliniambia kutoka mlangoni, "Mami, kwa Mama Jaya wanafunga." Ananiita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu Mutuini jambo hilo humfanya mwanaume mzima mwenye bucha Dagoretti amheshimu msichana wa kidato cha nne, angalau kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Nilijua ni zamu yangu kusema kitu cha kuchekesha. Hiyo ndiyo kazi yangu katika nyumba hii, mathe anapika, buda analeta nyama asiyokula, mimi nachekesha. Lakini kichwani kulikuwa na jagi la chuma lenye maziwa, na mkono wa mtu umetulia juu ya gilasi.

Niseme mapema kwamba nina miaka kumi na saba na najua watu wa rika langu hawana ruhusa ya kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu ni za wazee waliostaafu, wenye picha zilizopauka na jambo moja la kuficha. Picha zangu zote ziko kwenye simu, na jambo la kuficha ninalo, nitafika huko. Ila mwaka ule wa kidato cha pili ulikuwa mrefu kuliko miaka mingine. Nikiufikiria sasa, shule karibu yote imefutika. Sikumbuki hata jina la yule naibu wa mwalimu mkuu aliyenipigisha magoti kwa kumuigiza anavyopiga chafya. Nakumbuka Jumamosi tu. Nakumbuka ngazi, harufu ya jira inayokaangwa kavu, na baba yangu akiwa na kitambaa cha karatasi shingoni kama mtoto aliyeletwa kliniki.

Mambo yalianza na kidole gumba cha mguu. Kilivimba usiku mmoja mpaka kikawa chekundu kama nyanya ya Kirinyaga, na baba, ambaye hubeba nusu ng'ombe begani bila kusimamisha mazungumzo, akashindwa kuvaa soksi. Daktari akasema ni jongo. Akasema ni nyama nyekundu na bia, miaka thelathini ya nyama nyekundu na bia, na kwamba baada ya kidole huwa ni zamu ya figo. Chumba changu na jikoni vinagawana ukuta mwembamba kuliko subira ya mathe, kwa hiyo nilipata taarifa yote bila kutoka kitandani. Baba alikuwa akijitetea kwamba mtu wa bucha asiyekula nyama ni kama fundi nguo anayetembea uchi, wateja watasema ameiwekea kitu. Mathe alimwacha amalize. Kisha nikamsikia akisema polepole, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Baba Wambui, mimi sitafanywa mjane na kilo mbili za mbavu." Nilicheka ndani ya mto. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu upande ule mwingine hakuna aliyecheka.

Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi mpole, na ndiye aliyetuponza. Baba alipomuuliza mtu anaishi vipi bila nyama, alimjibu kwamba kwao hawajawahi kuipika tangu babu wa babu, na baba yake ana miaka tisini na bado anapanda ngazi za hekalu. Jambo hilo lilimkera baba kwa wiki nzima. Alisukuma kabichi ya mathe pembeni na kusema kama lazima ale majani, basi yapikwe na watu wanaoyajua, na anataka kuona kwa macho yake yule mzee wa miaka tisini anakula nini na anateremshia na nini. Hilo la kuteremshia ndilo lililomtesa zaidi. Chakula angevumilia, lakini mwanaume anakaa mezani ameshika nini mkononi? Mathe akakata kesi. Kila Jumamosi mchana, bucha ikiwa na msaidizi, baba ataenda tauni, katikati ya jiji, kula kwa Wahindi, na mimi nitaenda naye. Akaniita kando akanipa cheo. "Wewe ndiyo macho yangu," akasema. Nilimuuliza kama macho yanalipwa. Akaniangalia tu, nikakubali kazi.

Tulianza kwa makosa ya kifahari. Mteja mmoja wa baba alimwambia kuna mkahawa wa Kihindi kule Spring Valley, ndani ya nyumba ya zamani yenye bustani, na baba akavaa koti la harusi. Kulikuwa na mishumaa saa saba mchana. Menyu ilikuwa nzito kuliko Kamusi, na karibu kila ukurasa ulikuwa na kondoo: kondoo wa mchicha, kondoo wa krimu, kondoo aliyechomwa ndani ya chungu. Baba aliisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma barua za mpenzi wa zamani. Mhudumu akamletea orodha ya vinywaji peke yake, na hapo kulikuwa na bia za nchi ambazo sijawahi kuzisoma katika Jiografia. Nikasema kwa sauti, "Mzee atakunywa maji ya ndimu, ana mtihani wa figo." Yakaja maji ya ndimu yenye chumvi na kijani cha mnanaa juu, matamu kweli, lakini baba aliyanywa akiangalia meza ya jirani, ambako povu la bia lilikuwa likishuka taratibu kwenye gilasi. Nyuma ya daftari langu la Kemia nikaandika: ndimu na chumvi, sita kwa kumi, mandhari ni jaribu la shetani. Nilikuwa nimeamua kukipa kila kinywaji alama, kwa kuwa mwaka ule kila mtu alikuwa akinipa mimi alama na nilitaka kulipiza.

Tukashuka daraja. Karibu na River Road tulipata mahali pa kusimama, bhajia za moto na ukwaju na chai ya masala kwenye gilasi ndogo inayounguza vidole. Chai ilipata nane. Bhajia zingepata kumi, ila zilikuwa zinaogelea kwenye mafuta na daktari alikuwa amesema mafuta pia yana kesi. Kisha kulikuwa na mahali Ngara pa lassi, mtindi uliopigwa na maembe, nene na njano, na baba akaikoroga akisema hiki ni uji wa nasari, hata bibi yake mzaa mama angeukataa na hakuwa na meno. Nikaipa tisa kwa niaba ya watoto wa nasari. Tulicheka sana zile wiki. Hilo ndilo linalonisumbua ninapokumbuka. Tulicheka sana, na katikati ya kicheko kulikuwa na kijiti cha meno.

Hili ndilo jambo la kuficha. Jumamosi ya nne nilitoka shule moja kwa moja baada ya masomo ya ziada na kumkuta baba akiningoja tauni. Alikuwa na kijiti mdomoni, na vidole vyake vilikuwa na masizi na harufu ya mutura, ile inayochomwa nje ya machinjio pale Dagoretti. Mutura ni utumbo uliojazwa damu na nyama, yaani ni jongo lililofungwa kwa kamba. Tulitazamana. Baba akakitoa kijiti, akakiweka mfukoni mwa shati kama kalamu, akasema, "Mami, hii ni yetu." Nilipaswa kuwa macho ya mathe. Lakini ukiwa na miaka kumi na tano na mzee wako akakupa siri yake, unajiona umepandishwa daraja. Nikamwambia siri yangu inauzwa kwa chipsi. Akaninunulia. Kwa wiki tatu alikula mutura kwanza, kisha akaja kukaa na mimi mbele ya dengu akizisukuma huku na huku, na jioni mathe aliponiuliza, nilisema amekula vizuri. Haukuwa uongo. Alikuwa amekula vizuri sana.

Asubuhi ya Jumapili moja niliamshwa na sauti nisiyoijua. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu ukiwa hewani, na shuka lilipogusa kidole alitoa ile sauti tena. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Alilia kama mtu aliyeaibika, uso ameugeuzia ukutani. Alilazwa siku tano, na daktari mpole, safari hii bila upole, akasema figo zimeanza kulalamika na hatarudia kusema. Mathe aliniuliza koridoni, mbele ya mashine ya soda, "Wambui, ulijua?" Nilikuwa na mzaha tayari, mimi huwa nao tayari, nikasema macho nayo hupepesa. Hakucheka wala hakunigombeza. Alinitazama kama anatazama mtoto wa jirani, akaingia wodini akaniacha na mashine. Nimepigwa na mathe mara nyingi kwa haki, na sikumbuki maumivu ya hata mojawapo. Ule mtazamo ninao hadi leo.

Baada ya hapo sikuwa tena natafuta mkahawa wa kuchekesha. Niliuliza kila mtu, mpaka mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Biashara, tulikokwenda kununua sare, akaelekeza kidole juu kwenye dari lake. "Panda ngazi," alisema. "Huko juu sisi wote nakula." Ngazi zilikuwa za mbao na katikati zimelika. Juu kulikuwa na chumba kimoja kirefu chenye feni mbili, meza za mawe meupe, kalenda ya mungu mwenye kichwa cha tembo, na karibu na mlango, nyuma ya kaunta, mama mmoja mzee mwenye sari ya pamba na bangili za kioo mpaka karibu na kiwiko. Huyo alikuwa Mama Jaya. Hapakuwa na menyu. Hapakuwa na bia, nyama, yai, wala kitu chochote kilichowahi kuwa na macho. Kulikuwa na sinia za chuma zenye vibakuli, na kulikuwa na Wafula, mwanaume mrefu wa Bungoma aliyehudumu pale tangu kabla sijazaliwa, aliyemwagiza mpishi kwa Kigujarati na kututania kwa Kiswahili cha kwao.

Sasa elewa baba yangu alivyolelewa. Kwao, ukiacha chakula kwenye sahani ya mtu umemtukana mpishi, na kwa mtu wa bucha kutupa chakula ni dhambi inayokaribia kuua. Na elewa Wafula alivyofunzwa. Pale juu, kibakuli kitupu mbele ya mgeni ni malalamiko, ni aibu ya nyumba nzima. Basi baba alimaliza dengu, akapangusa kibakuli kwa chapati mpaka kikang'aa, ili kuonyesha heshima. Wafula akaona kimeng'aa, akakijaza, ili kuonyesha heshima. Baba akamaliza viazi. Vikaja viazi. Akamaliza wali, ukaja wali na kijiko cha samli juu. Baba alinitazama kwa jasho akanong'ona kwamba hawa watu ni wakarimu kupita kiasi, atawezaje kuwaangusha, akafungua mshipi. Raundi ya tatu akafungua kifungo. Katika meza ya dirishani walikuwepo wazee wanne, watatu Wahindu na Kalasinga mmoja mwenye kilemba cha bluu, ambao mazungumzo yao yote yalikuwa ya Kigujarati isipokuwa maneno kama sufuria, fagio na jugu yaliyochomoza humo kama vichwa vya watu tunaowajua. Sasa walikuwa wamegeuza viti. Walikuwa wanaangalia pambano. Mmoja akasema, "Huyu nguvu iko," na Kalasinga akajibu kwamba Wafula hajawahi kushindwa.

Raundi ya tano, Mama Jaya aliteremka kutoka kwenye kiti chake. Alitembea polepole, bangili zikilia, akasimama juu ya baba, na bila kuomba ruhusa akaushika mkono wake wa kulia, mkono ule mnene wenye makovu ya kisu, akaulaza kiganja chini juu ya sinia. Wafula, aliyekuwa anakuja na dengu, akasimama papo hapo kama taa nyekundu imewaka. "Hii ndiyo nasema bas," alisema Mama Jaya. "Kama veve hapana veka mkono, huyu Wafula naleta mpaka Krismasi." Wazee wa dirishani walipiga meza kwa kucheka. Nilicheka mpaka nikateleza kwenye kiti. Na baba, mkono bado umelala pale pale, alianza kucheka pia, cheko la kwanza tangu hospitali, tumbo likimuuma kwa shibe na kwa kicheko vyote pamoja, akisema, "Mami, nisaidie, nitapasuka."

Hapo ndipo Wafula alipoleta jagi. Aliinua mkono juu, akamimina kutoka kimo cha bega kwenye gilasi ya chuma bila kumwaga tone. Chaas, alisema, na baba akanusa kwa wasiwasi. Ilikuwa maziwa lala yaliyopigwa na maji ya baridi mpaka yakawa mepesi, na chumvi kidogo, dania, na jira iliyokaangwa kavu ikapondwa. Baba alionja. Akaonja tena. Akaiweka gilasi chini na kuizungusha kidogo, kama alivyokuwa akifanya na bia ya kwanza ya Ijumaa, na nikajua. "Hii ni mala," akasema, "lakini imeenda shule." Akamaliza. Wafula akamimina. Baba akanywa ya pili polepole, ameegemea kiti, ameshika kitu mkononi, mwanaume kati ya wanaume. Wafula alipokuja na ya tatu, baba akaweka kiganja juu ya gilasi mwenyewe, akatazama kaunta, na Mama Jaya akaitikia kwa kichwa kama mwalimu wa nasari. Kwenye daftari sikuandika alama. Niliandika tarehe tu, na daftari lenyewe baadaye mwalimu wa Kemia alilichukua na hajanirudishia.

Mwaka uliobaki tuliumalizia pale. Nikifumba macho sasa naweza kuupanga ule mwaka kwa mboga: wiki ya bamia, wiki ya mbaazi na nazi, wiki ya biringanya ambayo baba aliiita ini la shambani. Sijui kama ningeipenda familia yangu kiasi hiki bila zile meza za mawe, maana nyumbani baba huzungumza na habari za saa moja tu, lakini pale juu hakukuwa na televisheni, na alilazimika kuzungumza na mimi. Aliniambia alitaka kuwa rubani. Aliniambia kwamba usiku ule wa kwanza hospitalini aliogopa, na kwamba mutura haukuwa na ladha hata kidogo, alikuwa anautafuna kwa hasira. Nikamwambia kwamba mathe aliniuliza kama nilijua. Akasema hilo ni lake kurekebisha, si langu. Jumamosi iliyofuata alimleta mathe. Akavua koti, akamvutia kiti, na kabla hata dengu hazijafika akamweleza yote, mutura, chipsi, kijiti, mbele yangu na mbele ya Kalasinga aliyejifanya anasoma gazeti. Mathe alisikiliza hadi mwisho, akanigeukia na kusema, "Na wewe kumbe bei yako ni chipsi." Nikajua nimerudishwa nyumbani.

Mtihani wa kweli ulikuja Desemba, na haukuwa na Wahindi. Binamu yangu alikuwa anaposwa, na ukoo mzima ulikutana kwetu Mutuini, chini ya hema, mbuzi saba na muratina, pombe yetu ya asali, pipa zima. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, mzee hakatai kikombe. Akikataa ni kama amekataa wageni, na wageni wataanza kuuliza kuna nini katika hii familia. Baba hakulala vizuri wiki ile, nilimsikia kupitia ule ukuta akizunguka jikoni usiku. Basi nikafanya mpango. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza chaas kwa kumtazama Wafula, nikaijaza thamosi, kisha nikaongeza manjano na tone la chai mpaka rangi yake ikafanana kabisa na muratina. Nikampelekea baba kikombe kwa siri na kumkonyeza. Alinusa. Alinitazama kwa upendo mkubwa, na nilijua anaona uzuri wa kazi yangu. Kisha akakiweka kikombe chini ya kiti, nyuma ya mguu.

Baba mdogo Kariuki alikuwa akizunguka na kibuyu. Ndiye mdogo wa baba, sauti yake haihitaji kipaza sauti, na alipofika kwa baba alisema ili hema lote lisikie kwamba leo bucha itanyweshwa. Mathe, upande wa wanawake, aliacha kumenya viazi. Kariuki akainamisha kibuyu. Na baba akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mnene, akalaza kiganja juu ya gilasi tupu iliyokuwa mbele yake. Hakukisogeza. Matone mawili ya muratina yalimwangukia kwenye vidole na hakuyapangusa.

"Nimeshiba, Kariuki," alisema.

"Umeshiba na hujaanza?"

"Nimeanza miaka thelathini iliyopita. Nimeshiba."

Kulikuwa na ukimya wa aina ambayo mimi huujaza kwa mzaha. Nilikuwa nao mdomoni, mzuri kabisa. Nikaumeza. Kariuki aliangalia ule mkono, akaangalia mguu, akasema kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza kwamba Wahindi wamemgeuza kaka yake Mhindi. "Bado," akasema baba. "Hawajanipa duka." Mzee mmoja upande wa wageni alicheka kwanza, kisha hema lote, na kibuyu kikaendelea na safari. Baadaye walimpa baba kisu akagawa mbuzi, kwa maana hakuna mkono mwingine uliojua kazi hiyo, pande hili la wazee, hili la akina mama, na mimi akanipa sikio, ambalo ni fungu la wasichana ili wasikie. Hakulamba hata kidole. Mathe alipita nyuma yake amebeba sufuria na kumgusa bega, kidogo tu, kama mtu anayejaribu kama chuma bado ni moto.

Haya yote yana karibu miaka miwili. Siku hizi baba anatembea sawa, figo zimenyamaza, na Kariuki mwenyewe, baada ya kidole chake kuvimba mwaka jana, alikuja tauni na sisi mara mbili na kulalamika kwamba dengu hazina mfupa. Jengo la Mtaa wa Biashara limeuzwa, linabomolewa. Sisi wote tulidhani Mama Jaya ataenda London kwa sababu ndiko tunakofikiri Wahindi wote huenda. Anaenda Kisumu. Alizaliwa huko, anasema, na huko joto iko, magoti yake inapenda. Wafula anarudi Bungoma kufungua hoteli yake. Nilimuuliza kama atapika chaas, akaniuliza kama naona kuna mtu Bungoma atakunywa maziwa yaliyotiwa maji bila kumpeleka polisi.

Tulienda Jumamosi ya mwisho, sisi watatu, baba amevaa koti la harusi. Meza ya dirishani ilikuwa na wazee watatu, na kilemba cha bluu hakikuwepo, na hatukuuliza. Tulikula bamia. Mathe na mimi tulifunika sinia zetu mapema. Kisha Wafula akaja na jagi, akainua mkono hadi begani, akamimina. Baba akanywa. Wafula akasubiri kiganja. Mkono wa baba ulikuwa gotini, na ulibaki gotini. Wafula akamimina tena, baba akanywa, na tena, na tena, hakuna mmoja aliyemtazama mwenzake, mpaka jagi likatoa yale matone ya mwisho yenye dania chini. Wafula akaligeuza kutuonyesha kuwa limekwisha. Akaenda jikoni. Akarudi na lingine.

Nilisikia bangili kabla sijamwona. Mama Jaya alikuwa ameteremka kutoka kaunta, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alivuta kiti akakaa mezani petu.

"Leo mkono iko wapi?" akamuuliza baba.

"Nimeusahau nyumbani, Mama," akasema baba, na sauti yake ilikuwa ile ya asubuhi ya Jumapili, mguu ukiwa hewani.

Mama Jaya akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, mdogo, wenye mishipa, akakilaza kiganja juu ya gilasi ya baba, na akakiacha hapo.